Safari ya That Phanom, stupa iliyoanguka mwaka 1975

Kutoka mji wa Nakhon Phanom, barabara namba 212 inashuka kusini ikiandamana na Mto Mekong kwa kilomita zipatazo 52, hadi mji mdogo wa That Phanom. Kushoto mto unaonekana na kupotea nyuma ya migomba na nyumba za mbao. Kulia ni majaruba ya mpunga tu. Hii ndiyo Isan, kanda ya kaskazini-mashariki ya Thailand, ambako wengi nyumbani wanaongea lugha iliyo ndugu wa Kilao na wanakula wali wa kunata kwa mkono. Ng'ambo ya maji ni Laos, lakini mpaka huo ni wa juzi. Ni mwaka 1893 ndipo Ufaransa ilipoilazimisha Siam, jina la zamani la Thailand, kuachia ng'ambo ya mashariki. Kabla ya hapo kingo zote mbili zilikuwa nchi ya watu wale wale, na ndiyo maana stupa ya That Phanom, mnara wa Kibudha wa kuhifadhia masalia matakatifu, inaheshimiwa na Walao kama yao ingawa ipo ndani ya Thailand.

Stupa hiyo ndiyo iliyonipeleka. Ina urefu wa mita 57 hivi ukihesabu na mwavuli wa dhahabu kileleni, na mtaani inaonekana muda mrefu kabla hujafika langoni. Vipeperushi vya watalii vinapenda kusema ina zaidi ya miaka elfu mbili. Mnara unaoonekana leo ulikamilika mwaka 1979. Ule wa kale uliporomoka wote tarehe 11 Agosti 1975, saa 1:38 usiku, na ukilifahamu anguko hilo utakuwa umeifahamu historia nzima ya mahali hapa: kwa karne nyingi kila aliyetaka thawabu aliongeza kitu juu ya mnara, na chini hakuna aliyeongeza.

Kwa msomaji anayeanzia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, kuna jambo la kupanga mapema kuliko tiketi. Thailand inaziweka nchi hizi katika orodha ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na kadi ya manjano ishikwe mkononi, isifungwe kwenye begi la kupakiwa. Uwanja wa Suvarnabhumi pale Bangkok una dawati la afya kabla ya dawati la uhamiaji, na anayeenda moja kwa moja uhamiaji bila muhuri wa afya hurudishwa nyuma kupanga foleni upya. Kutoka Bangkok unaweza kuruka hadi Nakhon Phanom, au kupanda basi la usiku na kuamkia Isan. Basi linachosha, ila mengine yanafika That Phanom penyewe, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Nilishauriwa kutokwenda That Phanom moja kwa moja, na ushauri huo naupitisha kama nilivyoupokea: anza Renu Nakhon. Ni wilaya jirani, unakata kulia kutoka barabara 212 na kuingia kilomita chache magharibi. Wakazi wake wengi ni Waphu Thai, wafumaji wa nguo za pamba na hariri. Hekalu lao lina stupa ya mita 35 iliyoanza kujengwa mwaka 1918 kwa kuiga ile ya That Phanom ilivyokuwa wakati huo. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Waliouiga mnara mkubwa waliuiga kabla haujarefushwa mwaka 1940, kwa hiyo Renu ni kumbukumbu ya umbo lililotoweka. Simama umbali wa kutosha uone vipimo: kitako cha mraba, vyumba viwili vilivyopandana, kisha mwili unaojikunja kuelekea ndani na kupanda kama tumba la yungiyungi lenye pande nne, na juu yake mwavuli. Kilele cha Renu ni kizito kiasi na kinakaa vizuri juu ya kiwiliwili. Shika umbo hilo kichwani, kisha endelea na safari.

That Phanom yenyewe inafaa kuingiwa kutoka mtoni, hata kama basi limekushusha barabara kuu. Hekalu linaelekea mashariki, na kwa karne nyingi waumini walifika kwa mtumbwi. Kutoka ukingoni kuna mtaa ulionyooka wa mita mia chache. Unapita chini ya tao la zege, kati ya nyumba za maduka zenye sura ya enzi ya Wafaransa, na mwisho wake ni lango la hekalu na stupa nyuma yake. Mtaa, lango, ukumbi wa ibada na mnara vimepangwa mstari mmoja.

Ukishafika ndani, macho yatataka kwenda juu, kwenye chokaa nyeupe na michirizi ya maua ya dhahabu. Yazuie. Tembelea kwanza chini, kwenye kitako, ambacho kila upande wake ni mita 12.33. Pale ndipo penye matofali mekundu yaliyochongwa: wapanda farasi, wapanda tembo, watu wenye mwavuli wa kifalme, na majani yanayojiviringisha kujaza kila nafasi. Sogea hadi uweze kuona viungo vya matofali. Mstari wa kiungo unakatiza kiwiliwili cha farasi bila mchoro kuyumba. Maana yake fundi hakuchonga tofali mojamoja. Ukuta ulijengwa kwanza, matofali yakiwa yamesuguliwa moja kwa jingine hadi yakakaribiana kabisa, na mchongaji akaja baadaye na patasi kuukata ukuta uliokwisha simama. Ndivyo walivyofanya kazi mafundi wa Wakhmer, watu wa Kambodia, na wa Wacham, watu wa pwani ya Vietnam, na wanaakiolojia wanayaweka matofali haya karibu na karne ya 8 hadi ya 10. Nenda asubuhi mapema. Jua likiwa chini linapiga ukuta kwa ubavu na michoro inajitokeza. Kufikia saa tano mwanga unatoka juu na kila kitu kinakuwa bapa.

Masimulizi ya kale ya hekalu, yanayoitwa Urangkhathat, yanaweka mwanzo mbali zaidi. Yanasema mwaka wa 8 baada ya kufariki Budha, mwanafunzi wake Maha Kassapa alifika na watawa 500 akiwa amebeba kipande cha mfupa wa kifua wa mwalimu wake. Watawala watano wa nchi za jirani wakajenga chumba cha kuuhifadhi. Wanne walichukua upande mmoja mmoja, na wa tano, Suwanna Phingkhara wa Nong Han Luang, akafunga paa. Matofali yalikuwa mabichi, ukuta ukachomwa moto ukiwa umesimama. Kitarehe hayalingani na matofali unayoyatazama. Hata hivyo yanaeleza jambo la kweli kuhusu mahali hapa: stupa haikuwa mali ya mji mmoja, na kazi ya kuijenga iligawanywa kwa pande. Kila ukarabati uliofuata ulidai uhalali wake kwa kujiunga na orodha ya wale watano.

Wafalme wa Lan Xang, dola ya Walao, walijiunga mapema. Photisarat, aliyetawala kuanzia 1520, alijenga ukumbi na kulikabidhi hekalu familia za watumishi. Watu hao waliitwa kha okat. Hawakutoa kazi ya shokoa kwa mfalme. Kazi yao ilikuwa kufagia, kulima mashamba ya hekalu na kukarabati stupa. Huo ulikuwa utaratibu wa maana sana, kwa sababu mnara wa matofali na chokaa katika nchi ya mvua za masika hauishi kwa heshima peke yake. Mbegu za mtini zinaletwa na ndege, zinaota kwenye ufa, na mzizi unaofanana na uzi leo utanyanyua tofali baada ya miaka kumi. Lazima awepo mtu wa kupanda na kung'oa kila mwaka.

Mwaka 1614 mtawala wa Si Khotrabun, ufalme wa kale wa hapa Mekong, alikarabati stupa na kujenga ukuta wa kuzunguka. Halafu, kuanzia 1690, akaja mtu ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima kubwa, mtawa Phonsamek kutoka Vientiane, mji mkuu wa Walao, na umati wa wafuasi. Yeye ndiye aliyeupa mnara umbo la tumba la yungiyungi na kuufikisha mita 47. Yaani juu ya chumba cha kale cha Wakhmer au Wacham, kilichokusudiwa kubeba paa lake tu, aliweka mlima wa matofali. Mlima huo ulikaa karibu miaka 250 kabla ya kurefushwa, na kwa hilo lazima tumsifu. Alitumia vitu vya aina moja na vilivyo chini yake, tofali na chokaa, vinavyopumua pamoja, vinavyotanuka pamoja na kunywea pamoja.

Mwaka 1901 mnara ulikuwa umechakaa, umeota miti na kuvu. Mtawa Wirot Rattanobon kutoka Ubon aliongoza kazi ya kuusafisha, kuziba nyufa, kupaka chokaa upya na kupamba kwa dhahabu. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyeitendea stupa vizuri kuliko wote. Hakurefusha chochote.

Kisha ikaja 1940. Thailand ilikuwa chini ya Waziri Mkuu Phibun, serikali ilitaka alama kubwa za taifa, na ng'ambo ya mto walikuwa Wafaransa ambao muda si mrefu wangepigana nao. Idara ya Sanaa, ikiongozwa na Luang Wichit Wathakan, iliamua kuivika stupa ganda la zege la nondo sehemu ya juu na kuongeza mita 10. Ilipokamilika mwaka 1941 ilikuwa na mita 57. Mwaka 1954 ukawekwa mwavuli mpya, ambao hekaluni unatajwa kuwa na dhahabu ya kilo 110. Hapo mnara ulikuwa umekamilika kwa macho ya wote, na ulikuwa umeanza kufa.

Inafaa kuelezwa polepole, maana kosa hili linarudiwa kila mahali. Ganda la zege lilianza juu. Chumba cha chini, kilicho cha kale kuliko vyote, kilibaki tofali tupu, na sasa kilibeba uzito wa Phonsamek pamoja na uzito wa zege. Pili, zege na tofali la chokaa havifungamani. Jua la Isan likipiga, vinatanuka kwa viwango tofauti, na kati yao panafunguka nafasi ambayo maji yanaingia. Tatu, maji yakishaingia hayatoki, kwa sababu ganda haliruhusu ukuta kukauka. Anayezifahamu nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar ameshaiona hali hii: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji, unavimba, chumvi inatoka, na ndani chokaa inageuka unga huku nje panaonekana pazuri. Tofali lililolowa ni zito zaidi na ni dhaifu zaidi kwa wakati mmoja. Likipondeka moja chini, jirani yake hupokea mzigo wake.

Agosti 1975 mvua na upepo vilipiga kwa siku kadhaa mfululizo. Kitako kilichokuwa kimeshiba maji kikashindwa, na mnara ukalala kuelekea mashariki, upande wa mto, ukiyaponda majengo yaliyokuwa mbele yake. Picha za asubuhi yake zinaonyesha kilele cha zege kikiwa bado vipande vikubwa vyenye maua yake, na kitako kimekuwa kifusi. Kilichoongezwa kwa ajili ya nguvu ndicho kilichobaki kizima. Kilichobebeshwa ndicho kilichosagika.

Kazi ya kuchambua kifusi ilifanywa kwa uangalifu mkubwa, na matunda yake yapo kwenye makumbusho ya hekalu. Usiyapite. Kila kizazi kilichokarabati kilikuwa kimefukia sadaka ukutani: sanamu ndogo za Budha za dhahabu, fedha na shaba, pete, vito, maandishi. Zilipatikana kwa maelfu. Oktoba mwaka huo huo wa 1975 yakapatikana masalia yenyewe ya Budha: vipande 8, katika chombo cha kioo chenye dhahabu, kilichokuwa ndani ya vyombo vingine, kimoja ndani ya kingine. Kwa waumini wa Isan na Laos hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko anguko lenyewe. Mnara ulikuwa nguo. Mwenye nguo alikuwa salama.

Ujenzi mpya ulifuata, na safari hii wahandisi walianza chini. Stupa ya sasa ina msingi wake yenyewe na kiunzi cha zege la nondo, na ndani ina uwazi badala ya kujazwa matofali. Matofali ya kale yaliyochongwa yalirudishwa kwenye kitako kama ngozi. Hayabebi tena kitu isipokuwa uzito wao. Wapo wanaosikitika kwamba si jengo la kale tena, na ninawaelewa, lakini nilipokuwa nimeinama mbele ya wale wapanda farasi nilifurahi kwamba wamepumzishwa. Masalia yaliwekwa ndani tarehe 23 Machi 1979, Mfalme Bhumibol akiwepo. Mwaka 2017 hekalu liliingizwa kwenye orodha ya awali ya Thailand kwa ajili ya Urithi wa Dunia.

Sasa namna ya kuzunguka, kwa mgeni asiye Mbudha. Mabega na magoti yafunikwe. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia uani mwa ndani. Vaa soksi ukienda mchana, maana marumaru inaunguza. Sadaka ya kawaida ni maua, mshumaa mmoja, vijiti vitatu vya ubani na karatasi ndogo ya dhahabu, na vyote vinauzwa pamoja karibu na lango. Wenyeji wengi huleta pia pambo la majani ya mgomba lililosukwa kama pia, lenye maua pembeni. Washa mshumaa kwanza, kisha uwashie ubani kwenye mshumaa wako. Usipulize moto wa ubani kwa mdomo, tikisa mkono. Baada ya kupiga magoti na kuweka sadaka, zunguka mara tatu, stupa ikiwa mkono wako wa kulia. Wageni hukosea sana hapa: wakiona kundi wanageuka kwenda kinyume ili wapate picha, na njia yote inaziba.

Karatasi ya dhahabu ina fundisho lake. Haibandikwi ukutani kwenye stupa. Hubandikwa kwenye sanamu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ni nyembamba kiasi kwamba jasho la kidole linainyakua yote. Usiiguse. Fungua karatasi inayoifunika upande mmoja, igandamize kwenye sanamu ikiwa bado juu ya karatasi ya pili, sugua kwa ukucha juu ya karatasi, kisha vuta taratibu. Ukifanya wakati feni au upepo unavuma, itaruka vipande.

Mwanamke akitaka kumpa mtawa kitu, akiweke juu ya sinia au kitambaa ambacho mtawa ametandika, asimkabidhi mkononi. Watu waliozaliwa mwaka wa nyani kwa hesabu ya wanyama 12 huitazama stupa hii kuwa yao, kwa hiyo utawakuta wengi waliosafiri mbali, wazee hasa, wakiwa na watoto na wajukuu.

Sikukuu kubwa inaangukia mwezi mpevu wa mwezi wa 3 wa kalenda ya mwandamo, kwa kawaida Februari au mwisho wa Januari, na inachukua zaidi ya wiki. Wazao wa wale kha okat bado wanakuja kutoa kodi yao ya kichwa kwa stupa, wakiwemo wanaovuka kutoka Laos. Sherehe hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote za kuja wakati huo, na msongamano ndiyo sababu pekee ya kutokuja. Vyumba vya That Phanom hujaa vyote. Lala Nakhon Phanom au Mukdahan, mji ulioko umbali unaokaribiana na huo upande wa kusini, na uondoke alfajiri.

Siku za Jumatatu na Alhamisi kuna soko la Walao kando ya mto, kaskazini kidogo ya mtaa wa hekalu. Wanavuka kwa boti na mizizi ya dawa, uyoga, mianzi michanga na samaki wa mtoni, na saa sita mchana wamekwisha fungasha. Mgeni hawezi kuvuka kwa boti hizo. Anayetaka kuendelea na historia hii ng'ambo arudi Nakhon Phanom, apande basi la kimataifa kwenye kituo cha mabasi, na avuke Daraja la Tatu la Urafiki, lililofunguliwa Novemba 2011, hadi Thakhek. Kutembea kwa miguu darajani hakuruhusiwi. Hakikisha viza ya Laos inakuruhusu kuingilia hapo, na kama unarudi Bangkok, hakikisha viza yako ya Thailand ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mara moja inakwisha ukigongewa muhuri wa kutoka. Kilomita chache kusini mwa Thakhek, ukingoni mwa mto ule ule, ipo That Sikhottabong, stupa inayobeba jina la ule ufalme wa kale wa Si Khotrabun.